Nilivyombatiza Njeru

Namshukuru Mungu kwa uzee huu alionijalia. Kwa aibu iliyonipata Jumapili mtoni huku Kanja namshukuru pia, ingawa hiyo bado sijaizoea.

Mimi ni mzee wa kanisa na pombe sijawahi kuionja. Baada ya ibada alinijia mwanamume aliyenyoa ndevu vizuri, akasema anaitwa Njeru, ameacha pombe na anataka kubatizwa.

"Umewahi kubatizwa?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mgeni, nimetoka Nchiru."

Nilimwamini. Tukishuka mtoni nikamhubiria jinsi pombe inavyoharibu kumbukumbu, hata mtu akishaiacha, mpaka anasimulia kwa moyo safi mambo ambayo hayakutokea. Aliniitikia kwa mshangao mkubwa. Nikafurahi moyoni kwamba najua kufundisha.

Nikamzamisha. Waumini hawakuimba, walitazamana tu. Nikadhani ni baridi, nikauanzisha wimbo peke yangu.

Ndipo mkewe, Wawira, akafika mbio ukingoni.

"Mzee, unamfanya nini mume wangu? Si ulimbatiza wakati wa Pasaka, hapa hapa, akiwa na ndevu? Na tunakaa nyuma ya kanisa lako!"

Nilimtazama Njeru usoni, nikijaribu kumwekea ndevu.

"Yeye akisahau, daktari alisema ni pombe," Wawira akaendelea. "Wewe ulikunywa nini?"

Njeru, meno yakimgongana kwa baridi, akanishika mkono kwa huruma.

"Usimkaripie mzee, Wawira. Hata mimi nilianza hivi hivi."