Chai Iliyomwagwa Dirishani

Niliandika filamu fupi nikaituma kwenye mtandao ambapo watu wasiojuana hutengeneza filamu pamoja: mmoja anaandika, wengine wanaigiza. Ilihusu mama mkwe anayeonja chai ya mkwewe, kisha anaimwaga dirishani juu ya sukuma wiki. Huyo alikuwa mama mkwe wangu kabisa, lakini nilibadilisha jina lake na kuficha langu. Nikajiona mjanja. Nani huku kwetu Kapkatet angeiona?

Jana video ya kwanza ya waigizaji ikaingia. Ni mama mkwe mwenyewe, amefunga kitambaa cha kanisani, kikombe mkononi. Alisema maneno yangu yote bila kukosea, akamwaga chai, akaangalia kamera.

“Mkwe wangu, umeandika vizuri. Lakini umesahau kusema ile chai ilikuwa maji matupu, na wewe uliyeipika ni mkulima wa chai.”