Shemeji Aliponiuliza Habari ya Matangi

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni mwandishi wa habari asiye na bosi. Zamani aliajiriwa na gazeti kubwa, mpaka mhariri alipoikata habari yake kwa kuwa ilimgusa tajiri aliyekuwa akiwaletea matangazo. Akabeba kikombe chake cha chai na kamusi, akakodi chumba juu ya fundi cherehani, akaanzisha gazeti lake la kurasa nne. Nilimwambia hafiki mbali. Leo wauza magazeti huficha nakala chini ya meza kwa ajili ya wateja wao wa kudumu. Nakubali: mali yake inauzika.

Ana sharti moja halina punguzo. Hachapi jina la mtu kabla hajamsikia mwenyewe.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Asubuhi moja alisimama mbele ya kaunta yangu, kiti akakikataa.

“Matangi ya maji yaliyopasuka pale zahanati yalitoka hapa?”

“Shemeji, si ulinikuta nikiyapakia?”

“Nilikukuta. Nataka nisikie kwako.”

Nikajibu: yametoka kwangu, kiwanda kilinipa mali mbovu, nami sikujua. Kisha nikaanza kupatana, ndiyo kazi yangu.

“Andika ‘duka moja mjini’. Inatosha.”

“Duka moja mjini ni maduka yote. Jirani zako wakubebee matangi yako?”

“Basi andika nitayabadilisha.”

“Ya ‘nitafanya’ siandiki, naandika yaliyofanyika. Gazeti linakwenda mtamboni jioni.”

Sijapata kuita lori kwa haraka vile. Alikuja zahanati, akayagonga matangi mapya kwa kiganja, akafungua bomba, akanywa. Duka langu likatoka ukurasa wa kwanza kwa jina lake kamili: matangi yamebadilishwa “baada ya mwenye duka kuulizwa”.

“Hayo maneno ya mwisho hata shemeji hunipunguzii?”

“Ungewahi kubadilisha kabla sijauliza, ningekuandikia hivyo bila bei.”

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa gari hadi kwa ofisa aliyeyapokea matangi yale bila kuyakagua. Nikasimama mlangoni.

Ofisa akacheka. “Mama, ukimaliza kuwaandika ndugu zako, ndipo uje kwangu.”

Shemeji akamwekea gazeti mezani, kidole juu ya jina la duka. Ofisa akasoma, akanitupia jicho, akasoma tena. Kisha akamvutia kiti.

“Haya, uliza.”