Simu Niliyompigia Saidi Msibani

Siku ya kwanza niliyoingia kazini Nizwa, huku Omani, nilipewa simu na daftari, nikaambiwa hii ndiyo kazi yako. Wallahi nilikasirika. Nimesomea uuguzi, nimezoea kuchoma sindano na kufunga vidonda, leo nakalishwa kitako kupiga simu! Mkuu wa kitengo cha kuzuia maambukizi, daktari mmoja mfupi asiyecheka, akanitazama.

"Bi Zuwena," akasema, "wale wa gari la wagonjwa wanambeba mtu bila ya kujua ana nini. Sisi tunajua baada ya maabara kutoa jibu, na wao wameshakwenda zao. Usipowaambia wewe, nani atawaambia?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara wakigundua maradhi ya kuambukiza, natafuta karatasi ya safari, ile inayokaa ndani ya gari: mgonjwa katolewa wapi, kafanyiwa nini, wahudumu ni nani. Naangalia nani alikaa kichwani kwa mgonjwa, nani alimvuta makohozi kwa mashine, nani hakuvaa barakoa. Kisha nawaita waje wapewe dawa ya kinga. Jina la mgonjwa sitaji, iwe iwavyo. Na ugonjwa pia hautajwi kwenye simu. Amri hiyo niliikuta Ibra, nilipohamishiwa huko. Msimamizi wa wauguzi wa Ibra, mama mkali, mzaliwa wa Unguja kama mimi, alikuwa akisema: "Mwanangu, ukimtajia mtu maradhi kwenye simu, magharibi haijafika mtaa mzima wanayo." Niliona kasema kweli. Watu wetu nawajua kwa maneno.

Mwisho nikapelekwa Sur, na huko ndiko nilikovunjika.

Jumatatu moja gari lilimtoa kijana mmoja kijiji cha Qalhat, kazidiwa, hajitambui. Jumanne adhuhuri maabara wakanipa jibu: homa ya uti wa mgongo, ile inayoua. Aliyevuta pumzi za mgonjwa huyo anatakiwa apate dawa siku hiyo hiyo, kila saa ina thamani yake. Dereva alikuwa mbele, mlango wa kati umefungwa, yeye hakuwa na hatari. Aliyekaa nyuma, jina lake limeshachapwa kwenye karatasi kutoka orodha ya zamu, ni Saidi. Kijana wetu, mwenye adabu zake. Nikampigia.

"Shikamoo, Bi Zuwena." Nyuma yake nasikia wanaume wanasoma Kurani.

"Marahaba, baba. Nakutaka hospitali, ni habari ya mgonjwa wa jana, wa Qalhat."

"Niko mbali, bibi, kwetu Manah. Ami yangu kafariki. Leo siku ya tatu, tunamaliza."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Maskini! Aliugua?" Nikamuuliza habari za marehemu, watoto wake, mjane wake. Nikampa pole kama nilivyolelewa. "Haya, mwanangu, ukitoka huko njoo, usichelewe."

"Inshallah, bibi."

Nikafunga simu, nikaandika kwenye daftari: kaarifiwa.

Sasa hebu hesabu na wewe. Jumanne ni siku ya tatu ya msiba. Basi Jumatatu Saidi yuko Manah anapokea watu. Atakuwaje wakati huo huo Qalhat ndani ya gari? Mtoto wa darasa la pili angeliona. Mimi sikuliona. Au niliona nikaona haya, sijui: mtu yumo msibani, utamhoji kama askari?

Saidi alikuja Alhamisi asubuhi, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nisamehe, bibi. Mimi sikuwemo garini. Yusufu alinishikia zamu nende kuzika. Hatukuomba ruhusa, nikaogopa ukijua ataadhibiwa. Nilidhani ni kifua kikuu kama mara ile uliyoniita, nikaona siku mbili hazidhuru."

"Yuko wapi Yusufu?"

"Leo hakuja. Anasema ana homa."

Nikampigia Yusufu. Akapokea mkewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikautaja ugonjwa kwenye simu, tena kwa kupiga kelele. Walimleta. Jumamosi alizikwa.

Palikaa kikao. Mkurugenzi akalifungua daftari langu, akatia kidole pale pale. "Bi Zuwena, wewe umetimiza wajibu wako. Imeandikwa kaarifiwa." Nilitamani anitukane. Hakunitukana, akafunga daftari, tukaletewa kahawa.

Nimestaafu, nakaa na mwanangu kule Ibra. Wauguzi vijana wanakuja kunitazama, nawaambia: mpigie mtu, muulize kwanza jana alikuwa wapi, hata kama ameshika jeneza. Wananiitikia kwa adabu, "ndiyo, bibi, ndiyo." Najua hawatauliza. Watapeana pole kwanza, na pole zikisha wataona aibu kuendelea. Sina matumaini nao, na mimi mwenyewe nikirudishwa kwenye simu ile siamini kama ningeuliza.

Kubwa linaloninyima raha ni Alhamisi ile. Yusufu yuko ndani kwenye mashine ya pumzi, na watu wa nyumba yake sasa ndio walioko kwenye orodha yangu. Nikawapa dawa pale ukumbini. Mama yake alikimeza kidonge, akanyoosha kiganja tena.

"Hakuna vyengine, bibi," nikamwambia. "Ni hicho."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Akautazama mlango wa chumba alicholazwa mwanawe. "Na Yusufu, kapewa chake?"

Nikamwambia alichelewa kuja. Sikumwambia kwamba hakuna aliyemwita.