Raba Mlangoni

Kisigino changu cha kulia kilikuwa na saa zake. Asubuhi nikiteremsha mguu kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama nimekanyaga msumari. Nikizunguka kidogo kinalegea, nikikaa kikao kimoja tu kinaanza upya. Ulikuwa msimu wa korosho, kijiji kizima cha Nandagala kiko mashambani kinaokota, na mimi niko uani kwa mama mkwe kama mbuzi wa kamba.

"Ninyi wa Nachingwea mjini mmezoea kukaa," alinitania. Yeye mwenyewe kila alfajiri alitoka chumbani ameshika ukuta, nikadhani ni uzee.

Nikaenda hospitali. Daktari alibonyeza kisigino, nikaruka. Akasema utando mgumu wa chini ya unyayo umeumia. Nivute vidole kabla ya kushuka kitandani, niegemee ukuta kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, niviringishe unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Na raba za soli nene muda wote.

"Usikanyage sakafu peku hata ndani," alisema. "Ukipuuza, mwakani utakuwa hapa hapa."

Hata ndani! Kumbe daktari yule hakuwa na mama mkwe. Kwetu viatu vinaishia mlangoni, na kwa mama yule ndiyo kabisa, maana anaswali sebuleni na sakafu anapiga deki mwenyewe. Nilimwomba mume wangu anisemee. Alikohoa, akaenda kutafuta panga lake.

Basi nikawa navua. Mazoezi nafanya, chupa naviringisha, halafu naingia peku na kuharibu yote. Wiki ya tatu nililia bafuni kwa hasira. Nilimchukia mama wa watu, nasema ukweli, na kumwambia neno moja sikuweza.

Siku moja nimetoka kuoga, raba hazipo mlangoni. Nikajua zimetupwa jalalani. Nikaingia nimejiandaa kugombana, liwalo na liwe.

Mkeka wa kuswalia ulikuwa umekunjwa pembeni. Mama mkwe alikuwa anatembea sebuleni taratibu, ukuta hadi ukuta, raba zangu miguuni.

"Hiki changu kinauma tangu mumeo hajaoa," alisema bila kunitazama. "Nani angenielewa?"

Alifika ukutani, akageuka.

"Funga mlango, mwanangu. Watu wasinione."

Nikafunga, nikabaki nimesimama peku kwenye saruji, nikisubiri zamu yangu.