Nilivunja santuri ya baba, sasa mama anauliza mbona haimbi

Admin, nifiche. Usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu, maana huku mtaani Barani twaishi ukuta kwa ukuta na kila mtu ni shangazi wa mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nashona nguo hapa Malindi. Nilipoachika nilirudi kwa wazazi wangu, na nashukuru nilirudi, kwa sababu mama alishaanza kusahau. Alianza kusahau sufuria motoni, yakaja majina ya wajukuu, na siku hizi mara nyingine aniita mimi dadake. Mtu mmoja tu hakumpotea, naye ni baba. Na baba huu ni mwezi wa pili tangu tumzike.

Baba alikuwa muadhini. Mtaani walikuwa wakisema saa yaweza kukosea lakini si sauti ile. Jambo wasilolijua ni hili: miaka ya sitini, akiwa kijana, alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya ufuoni, wakaja vijana wa Kizungu kutoka Italia, wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme. Wakamsikia akiimba jikoni, wakaenda naye Nairobi kurekodi santuri. Jalada lake lina jua la zambarau lenye macho. Jina la baba halipo, wameandika tu "rafiki yetu wa pwani". Zilitoka chache, hazikununuliwa, na wale vijana wakaenda zao. Muziki wenyewe, wallahi sijui niseme nini. Gitaa linalia kama paka aliyebanwa mkia na mlango, ngoma zaenda kinyumenyume, na katikati ya vurugu hiyo yote iko sauti ya baba, changa, nyororo. Niliisikia mara moja tu nikiwa mdogo, kisha ikafichwa.

Alipozidiwa alinishika mkono. "Mwanangu, ile santuri iko chini ya kasha. Nikifa, ivunje. Usimwambie mtu." Nikamwambia, "Haya, baba."

Siku ya tatu baada ya maziko, wageni walipopungua, niliipiga kwenye ukingo wa kisima ikatoka vipande vinne. Nikavitia jaani na kunawa mikono. Nilijiona mtoto mwema, jamani.

Wiki iliyofuata, baada ya alasiri, mama akaniita. "Mbona leo Bwana haniwekei wimbo wetu?"

"Wimbo gani, mama?"

"Si ule wa kila siku! Wewe huujui, wewe huwa kazini."

Kumbe mimi nikiwa kwenye cherehani, wale wazee wawili walikuwa wakifunga mlango, wakifunua ile mashine ya santuri ya pale chumbani niliyodhani ni pambo tu, na kuisikiliza sauti ikiwa chini. Labda baba alidhani akiondoka yeye, mama atamsahau pamoja na wimbo wake. Hakumsahau.

Sasa mama yuko eda na hajui ni eda ya nani. Kila siku auliza Bwana yuko wapi. Kaka yangu, ambaye anasomesha madrasa, humwambia kweli: "Mama, baba alifariki." Basi hulia kama ndiyo kwanza asikia, na kesho yake ni vilevile. Mimi nilishindwa, nikaanza kumdanganya ameenda msikitini. Akanitazama. "Mbona sijaisikia adhana yake?"

Nilianza kuitafuta ile santuri mtandaoni, kwenye makundi ya watu wanaokusanya za zamani, nikieleza lile jua la zambarau kwa Kiitaliano changu cha dukani. Akanijibu mzee mmoja Mtaliano. Anayo, na miaka yote amekuwa akimtafuta huyo "rafiki wa pwani". Ataka kuichapisha upya. Nikimpa jina na picha ya baba, na idhini ya familia, atanitumia wimbo wote. Kwa sasa alinitumia sekunde thelathini tu za kuonjesha.

Nikamwekea mama. Ndani ya zile sekunde baba anamwita jina lake la usichana, lile ambalo sitaliandika hapa. Mama alijifunika kanga usoni akacheka, cheko ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. "Mwambie apunguze! Baba atasikia!" Mara ikakatika. Akaishusha kanga. "Kwani ameondoka?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba aliyemwogopa ni babake yeye; wimbo ulipoimbwa walikuwa hawajaoana. Jina la binti wa watu limeitwa kwenye santuri ya wahuni, na baba alikuwa akiilinda stara ya mama, si yake peke yake.

Nilimwambia kaka, na nilimwambia wasia pia. Alitaka kusikia zile sekunde. Alisikiliza ameuelekea ukuta, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, kisha akasema, "Futa. Wataka watu waseme muadhini wao alikuwa mhuni, na mama yetu ndiye aliyekuwa akiimbiwa? Baba hakukuambia uvunje sahani, dada. Alikuambia uivunje habari yake." Na hajakosea.

Lakini sijafuta. Kila alasiri namwekea mama zile sekunde, zikiisha aniuliza, "Kwani ameondoka?" Namwambia, "Arudi sasa hivi," nabonyeza tena, naye ajifunika kanga upya.

Nishaurini, nyinyi mliozika wazazi na nyinyi mnaowauguza. Nimtoe baba hadharani ili mama apate wimbo wake wote, au nishike wasia na nimwache akimsubiri kila baada ya sekunde thelathini? Nifanye nini?