Viatu Vyangu Kwenye Ngazi ya Gari-Nyumba

Sogea karibu, msomaji, nikuambie jambo. Juma, rafiki yangu wa Arua, alinunua gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, bomba, hata pazia! Nimetengeneza malori miaka mingi, ila ajabu kama hiyo sikuwahi kuiona. Akaniomba niwaendeshe yeye na jamaa zake hadi Koboko, kumposea mwanawe.

Nilivua viatu kwenye ngazi ya mlangoni, kama ninavyofanya nyumbani kwa watu. Nikazunguka ndani nikigusa kila kitu kwa kidole kimoja, huku nikiwafundisha: "Ngazi ikibaki nje, matuta yataipinda." Kutoka humo humo nikapita hadi kwenye usukani, tukaondoka.

Koboko, wakwe walikuwa wamejipanga uani. Nilishuka kuwafungulia wenzangu mlango. Ngazi ilikuwa nje, imepinda kama sikio la mbuzi, na viatu vyangu havipo. Nikajua nimemharibia kijana posa.

Baba wa binti akatazama miguu yangu. "Fundi, kiatu yako iko wapi?"

"Iko Arua, mzee."

"Basi ingia wa kwanza. Wewe umeshatoa kiatu tayari."

Kabla ya kuwasha gari, shuka, lizunguke mara moja, ukunje ngazi.