Kilo za Baba

Asubuhi hiyo Baba alikuwa ananisumbua kama kawaida. Alifundisha hisabati katika shule moja karibu na mpaka wa Somalia, mbali sana na kwetu Ekerenyo, na kwa bahati mbaya darasa langu, la tano, lilikuwa lake. Alinirudishia daftari limejaa wino mwekundu. Chini aliandika: "Rudia yote. Hata jina lako limepinda." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Saa nne risasi zikaanza.

Baba alikimbia kufunga lango.

Lango lilifungika. Yeye akapigwa risasi pale pale.

Wanajeshi waliwafukuza wale watu wenye bunduki, na mchana ndege yao ikaja kututoa. Usifikirie ndege ya maana. Ilikuwa kama lori la majani chai lililofungwa mabawa, vumbi hadi tumboni. Lakini ilitua kwenye kipande cha changarawe ambapo hata ng'ombe angegeuka kwa shida.

Rubani akatuhesabu. Kisha akamwona Baba ndani ya blanketi, Mama kando yake.

"Mama, uwanja ni mfupi, na mzee ni mzito. Tutamfuata kesho."

"Kesho ya nani?" Mama akamuuliza. "Kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake. Huyu anapanda."

"Uzito, Mama."

"Uzito ni huu!" Akatupa sanduku letu nje.

Walimu wengine wakatazamana, halafu wakatupa yao: magodoro, sufuria, redio. Mimi nikatupa daftari la hisabati, tena kwa furaha, maana sasa nani angeniambia nirudie? Mama akaanza kuvua viatu.

"Viatu baki navyo," rubani akasema. "Haya, mpandisheni."

Injini zikanguruma.

Ua wa miiba mwishoni mwa uwanja ukatujia mbio.

Tukauruka.

Tulimzika kando ya migomba. Suti yake ilibaki kwenye sanduku, kwa hivyo alivalishwa koti la baba mdogo, mikono ikaishia karibu na viwiko. Hadi leo baba mdogo analalamika kwamba lilikuwa lake la Sabato.

Sasa niko kidato cha tatu huku Nyanchwa, na hisabati bado inanipiga. Mwandiko wa Baba sina hata neno moja. Wote ulibaki kule. Nikirudishwa pale leo, lile daftari nitalitupa tena. Ila nitachana ule ukurasa kwanza. Karatasi moja haiwezi kuangusha ndege.